Mheshimiwa Juu ya Keria

Nimepita nchi nyingi, nyingine kwa miguu, nyingine juu ya malori ya mizigo, na mbili tatu nimepita kwa kufukuzwa. Lakini ipo moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka chai hunipalia. Jina lake silitaji. Sheria yao inakataza kulitaja mtu akiwa amekaa, na magoti yangu mimi hayana nguvu ya kusimama kila mara kwa ajili ya jina.

Sikatai, ni nchi nzuri. Ina mvua, ina mihogo, ina watu wenye adabu zao. Desturi moja tu ndiyo inayomsumbua mgeni: kule kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Kisima kinaweza kuchimbwa, kikajaa, maji yakafurika mpaka barazani kwa watu, lakini kama hakijakatiwa utepe basi hakuna kisima, na wewe unayelowa miguu unalowa kwa ubishi wako. Nilikuta daraja jipya la chuma, na chini yake watu wamevua viatu wanavuka mto maji yakiwa kifuani. Nikauliza, jamani, na hilo la juu? Wakanitazama kama mtu aliyeuliza habari za majini.

"Hilo bado, babu. Mgeni rasmi ana mafua."

Tena kukata utepe peke yake hakutoshi. Mgeni rasmi lazima awe wa kwanza kukitumia kitu chenyewe. Ilipokamilika wodi ya wazazi, waziri mmoja, mwanamume mwenye ndevu zake, alipanda kitanda cha kujifungulia, akalala, akapigiwa makofi, akashuka akasema amefarijika sana. Mvutano ulitokea walipopima makaburi mapya nje ya mji. Kila waziri aliyeteuliwa kuwa mgeni rasmi alipata safari ya ghafla. Mpaka naondoka, maiti wa mji mkuu walikuwa bado wanazikwa kwa hisani katika wilaya ya jirani.

Basi, katika mji mkuu huo nilipanga chumba mtaa wa Majaribuni, kwa bwana mmoja aitwaye Tamimu. Huyu kazi yake ilikuwa kubeba mizigo kwa baiskeli: magunia ya mkaa, makreti ya soda, mara nyingine bibi harusi pamoja na begi lake. Mke wake, Siwema, alikuwa mgonjwa wa figo. Ilibidi apelekwe Hospitali Kuu, mwisho wa mji upande wa pili, akasafishwe damu kwa mashine. Akikosa siku yake anavimba uso na miguu. Daktari aliwaambia wazi kwamba akikosa mara mbili mfululizo, wasirudi kumuuliza yeye, wakamuulize shehe. Magari ya abiria Majaribuni hayaingii, kwa sababu barabara yake ilizinduliwa na waziri aliyefukuzwa, kwa hiyo nayo imefutwa. Ndiyo maana Siwema alikwenda hospitali juu ya keria, nyuma ya mgongo wa mumewe.

Njia za baiskeli zilikuwepo, tena mbili. Moja ilitoka Majaribuni ikaishia sokoni. Nyingine ilianzia mahakamani ikafika mpaka mlango wa hospitali. Katikati palibaki kipande kisicho na njia, na kipande hicho ndicho kilichokuwa na kipilefti kikubwa cha malori. Katikati ya kipilefti serikali ilisimamisha sanamu ya Mkuu wa Nchi akipunga mkono. Kila dereva akipita lazima naye ampungie, ndiyo sheria, na askari yupo pale kuangalia nani hakupunga. Sasa mtu anayepunga mkono huku anakata kona na lori la mchanga, usukani anaushika kwa imani.

Siku moja nilifuatana nao kwa baiskeli ya kuazima.

"Baba Shomari," Siwema anamwambia mumewe, "unakanyaga au unabembeleza?"

"Nakanyaga, mke wangu. Ni wewe umeongezeka."

"Nimeongezeka wapi, na damu yenyewe wanaitoa nje wanaifua kama shuka?"

Lori lilitupita, dereva mkono hewani, kioo chake cha pembeni kikanasa mtandio wa Siwema kikaondoka nao. Tuliuona unapepea mbele yetu mpaka ukapotea. Tulipofika ng'ambo Siwema akajishika kichwa kilichobaki wazi.

"Leo limechukua mtandio," akasema. "Siku nyingine litataka na kilichofunikwa."

*

Waendesha baiskeli wa Majaribuni wakakusanyika, wakaenda kwa Waziri wa Magurudumu, Mheshimiwa Dakta Fumbwe. Walichoomba kilikuwa kidogo: kipande kile katikati kiunganishwe, kiwe na ukuta, malori yasiingie.

Mheshimiwa Fumbwe alikuwa mtu mnene wa mwili na wa maneno. Alisimama, akakohoa, na msaidizi wake naye akakohoa kumuunga mkono.

"Ndugu zangu," akasema, "baiskeli ni gari lililonyenyekea. Serikali hii inapenda unyenyekevu, hasa ukiwa kwa wengine. Nimesikia kilio chenu. Nimekisikia kwa sikio hili la kulia, na sikio la kushoto likathibitisha. Njia itajengwa!"

Wakapiga makofi. Siwema, aliyekuwa amekaa sakafuni kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba, akauliza, "Lini, mheshimiwa?"

Chumba kikapoa. Kule neno hilo halisemwi mbele ya waziri.

"Huyu mama ni mgonjwa," akasema yule msaidizi kwa huruma.

Kabla ya kujenga, wakubwa wa wizara walisafiri kwenda nchi moja ya baridi kujifunza jinsi watu wanavyoendesha baiskeli. Walikaa huko muda mrefu, maana kujifunza hakutaki haraka. Walirudi wamenyong'onyea. Eti huko walimwona waziri mzima, mwenye elimu na familia, anakanyaga baiskeli mwenyewe kwenda ofisini, jasho linamtoka, na watu wanampita tu. Walimchangia maneno ya faraja wakaondoka.

Lakini safari ile ilileta baraka, kwa sababu wakubwa wote walipokuwa huko hakukuwa na mtu wa kuisimamia kazi, na kazi ikafanyika vizuri. Injinia mmoja, dada mkimya aitwaye Tatu Mbaruku, alipima, akamwaga zege, akasimamisha ukuta wa kufika kiunoni kuanzia sokoni mpaka mahakamani, ndani yake njia laini kama sahani. Wakubwa waliporudi walikuta imekwisha. Wizara iliona aibu, ikamhamishia Tatu Mbaruku idara ya mitumbwi.

*

Asubuhi iliyofuata Tamimu alimpakia mkewe, wakaenda mpaka mwanzo wa njia mpya. Palikuwa na utepe na askari.

"Mwanangu," Siwema akamwambia askari, "tupishe tupite, mimi ni mgonjwa."

"Niwapishe mpite wapi, mama? Hapa hakuna njia."

"Na hii ninayoiona?"

"Hiyo haijazinduliwa."

"Na huu ninaoushika?"

"Huo ni ukuta. Ukuta upo, Naibu Waziri aliuzindua juzi."

"Aliuzinduaje?"

"Aliuegemea."

Ikabidi warudi barabarani. Na barabarani, ndugu zangu, mambo sasa yalikuwa mabaya kuliko kwanza. Ukuta na njia vilikuwa vimemega barabara, barabara ikawa nyembamba, malori ni yaleyale na sanamu bado inapungiwa. Zamani lori likikufuata ungeweza kujitupa pembeni. Sasa pembeni pana ukuta. Ukuta uliojengwa kuwalinda waendesha baiskeli ndio uliokuwa unawabana mbavu. Ndani yake njia ipo wazi, safi, kunguru wanatembea humo mikono nyuma kama wakaguzi.

Kwa nini isizinduliwe? Tatizo lilikuwa la itifaki. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Fumbwe, na mgeni rasmi lazima awe wa kwanza kuitumia njia. Gari halipiti mle. Baiskeli inapita, lakini katika nchi ile jasho la mkubwa ni siri ya serikali, halionwi hadharani. Mvua ya vuli ikaja ikaondoka, wakubwa wanatafakari. Siwema kila akienda hospitali alirudi na mkwaruzo mpya, mara kiwiko, mara goti.

Mwisho Mkuu wa Itifaki, Bwana Zumo, mtu mwembamba aliyekuwa akitembea kinyumenyume ofisini ili asimpe mgongo yeyote, akapata jibu.

"Mheshimiwa," akasema, "baiskeli ina watu wawili: anayekanyaga na anayefaidi. Wewe utakaa kwenye keria."

Wakamteua Tamimu, kwa kuwa alikuwa na sifa ya kutomwangusha mtu. Tamimu alikubali kwa furaha. "Nimbebe siku moja tu huyu," aliniambia, "kisha nimbebe mama Shomari siku zote, malori tunayatazama kwa juu ya ukuta." Wakamfanyisha mazoezi. Keriani waliweka mifuko ya saruji, wakaivalisha koti la Waziri, na kila aliyepita alitakiwa kuisalimia. Wengine walisema ile mifuko iliitikia vizuri kuliko mwenyewe.

Likabaki suala la kupanda na kushuka. Mkubwa kule hapandi chombo wala hashuki mpaka afunguliwe mlango. Baiskeli haina mlango. Bwana Zumo akaagiza milango miwili ing'olewe kwenye magari mabovu ya serikali, ikapakwa rangi nyeusi, mmoja ukasimikwa kwa zege mwanzo wa njia, mwingine mwisho wake. Baiskeli inasimama kando ya mlango, kijana anaufungua, mheshimiwa anashuka, kijana anaufunga. Nimeyaona haya kwa macho yangu, na aliyekuwa karibu yangu alikuwa anafuta machozi kwa fahari.

*

Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, bendi ikapiga, na Tamimu akaondoka na Mheshimiwa Fumbwe mgongoni. Mheshimiwa alikaa upande, miguu pamoja, chini yake mto wa manyoya. Upepo ukampiga usoni. Kulia kwake, nje ya ukuta, malori na magari yamekwama yanapigiana honi. Humo ndani yeye anateleza tu. Nilimwona uso wake unavyobadilika. Alianza safari kama mtu anayetimiza wajibu, akaimaliza kama mtoto aliyeonjeshwa asali.

Alifunguliwa mlango, akashuka, akashika kipaza sauti.

"Wananchi! Mzazi mwenye upendo huonja chakula kabla ya watoto wake. Kikiwa kichungu, hukitema. Kikiwa kitamu mno, hukiweka kabatini, watoto wasije wakavimbiwa. Njia hii nimeionja. Ndugu zangu, ni tamu mno!"

Ikatangazwa papo hapo kuwa Njia ya Waheshimiwa. Ofisi za mawaziri zilikuwa karibu na hospitali, nyumba zao nyuma ya soko, na foleni ilikuwa inawachelewesha kuchelewa kwao. Wabeba mizigo wote wa Majaribuni, Tamimu wa kwanza, wakateuliwa kuwa Wakanyagaji wa Taifa, wakavishwa kofia zenye shada. Kule uteuzi haukataliwi. Unapokelewa kwa kushukuru, halafu unauguzwa nyumbani.

Tamimu alijaribu. Alimfuata Bwana Zumo, akavua kofia.

"Bwana mkubwa, mke wangu ana hospitali. Siku zake nimpitishe humu."

"Utampakia wapi? Keria ni moja, na ina Waziri."

"Basi siku hizo anibebee jirani, apite nyuma yetu."

"Nyuma ya waheshimiwa? Wakigeuka wakaona mgonjwa, watadhani tunawasema."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi mawaziri wanapita ndani kwa mstari, kila mmoja juu ya keria yake na mkoba magotini. Nje ya ukuta, kati ya zege na malori, Siwema amepakiwa na jirani yao Kibwana, muuza kahawa, mzee wa moyo mzuri na miguu mibovu. Wakilingana, mke na mume walisemezana juu ya ukuta.

"Umekunywa dawa, mama Shomari?"

"Nimekunywa. Mzigo wako leo umekula nini, mbona tairi limelala?"

"Mzigo gani anausema?" Mheshimiwa Fumbwe akauliza.

"Maisha, mheshimiwa," akajibu Tamimu.

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alikuwa mtu wa kuguswa upesi.

*

Wiki moja Kibwana aliumwa, Siwema akakosa siku yake. Uso ukamvimba mpaka macho yakawa kama mistari. Siku yake iliyofuatia, kukosa hakukuwa na nafasi tena. Sote nyumbani tulilijua hilo. Asubuhi Tamimu alivaa kofia yake ya shada, akamtazama mkewe, akamwambia Kibwana, "Mzee wangu, mshikilie vizuri." Mimi nikafuata nyuma kwa miguu.

Karibu na kipilefti lori la mchanga likaja. Dereva alikuwa mwananchi mwema, akainua mkono wake wote, tena kwa tabasamu. Gurudumu la nyuma likavuta upande wa ukuta. Kibwana akapiga kelele, baiskeli ikalala, na mimi nikaona vumbi tu. Lori likaenda zake.

Tamimu alikuwa ndani, mbele ya msafara wote. Hakuona ajali, alichoona ni vidole vya mkewe vikitokea juu ya ukuta, vimevimba, vinatafuta pa kushika. Akakamata breki.

"Mkanyagaji," akasema Mheshimiwa Fumbwe, "mbona tumesimama?"

"Mke wangu, mheshimiwa."

"Ana miadi na mimi?"

"Ana miadi na mashine ya damu."

"Basi twende kwanza tufike, nimtumie salamu za pole."

Tamimu alishuka, akaipigia baiskeli stendi, ile stendi ya miguu miwili isiyoyumba, akamwacha Waziri juu ya keria na mto wake. Akaweka kofia ya shada juu ya kiti kilichobaki wazi, akaruka ukuta.

Siwema alikuwa mzima, amechubuka bega. Kibwana kifundo kilikuwa kimeteguka, baiskeli yake imepinda usukani tu. Tamimu akaunyoosha kwa goti, akampakia mkewe, akakanyaga. Wakanyagaji wengine wakatazamana. Mmoja akapiga stendi, akaruka kwenda kumwinua Kibwana. Wa pili naye akaona kumwinua mzee kunataka watu. Punde si punde wote walikuwa upande wa pili wa ukuta, na mzee Kibwana hakuwahi kuinuliwa na watu wengi vile.

Ndani ya njia likabaki Baraza la Mawaziri, limepangana keriani, hakuna wa kukanyaga.

"Zumo!" Mheshimiwa Fumbwe akaita. "Nishushe!"

"Shuka, mheshimiwa!" akajibu Zumo kutoka keria ya pili.

"Mlango uko wapi?"

"Uko mwisho wa njia, mheshimiwa. Umejengewa zege."

"Ulete!"

"Nitauleteje, mheshimiwa? Mdogo hawezi kushuka kabla ya mkubwa wake!"

Wote wakatafuta palipokosewa. Desturi ilikuwa sawa kila upande. Mtu wa nje angesema si ushushe mguu tu, ardhi hiyo hapo, lakini mtu wa nje hakuchaguliwa na yeyote. Mkuu wa polisi alipopata habari kwamba mawaziri wamesimama mahali pasipopangwa, akafuata maelekezo ya usalama: barabara zote za mji zifungwe, magari yazimwe, asitembee mtu mwenye injini mpaka msafara uondoke. Adhuhuri redio ikatangaza kwamba serikali nzima imetulia kutafakari mustakabali wa taifa, na wananchi waendelee na shughuli zao. Wananchi wakaendelea. Posta ilifunguliwa mapema siku hiyo. Maji, ambayo tulikuwa hatujayaona tangu nihamie, yalitoka mabombani, kwa kuwa aliyekuwa na ruhusa ya kuyafunga alikuwa keria ya tano.

Hospitalini nako waliwapokea vizuri. Muuguzi aliwaambia waziri wa afya alitakiwa kuja kukagua, hajaonekana, kwa hiyo leo wanatibu. Siwema akaunganishwa kwenye mashine. Tamimu alikaa kwenye benchi la nje mpaka alipoitwa aone uso wa mkewe unavyorudi.

Jioni walirudi. Nilikuwa nimekaa na Kibwana kwenye kivuli cha lori moja, lililosukumwa nje ya barabara kama mengine, dereva wake amelala chini ya injini, utingo anachemsha chai. Barabara yote ilikuwa tupu, upana wake wote, kutoka ukuta mpaka ukingo wa pili. Tukawaona wanakuja katikati, Siwema amekaa keriani, bega limefungwa, mkono ulio mzima umelegea pajani, haujashika chochote.

Walipolingana na msafara Tamimu akapunguza mwendo.

"Shikamooni, waheshimiwa."

Mheshimiwa Fumbwe alikuwa ameungua na jua, nzi ametua kwenye beji yake. "Wewe!" akafoka. "Umefukuzwa kazi kuanzia leo!"

"Ahsante, mheshimiwa," Tamimu akasema, na akakaza miguu aondoke.

Siwema akamgonga mgongoni.

"Taratibu, baba Shomari," akamwambia. "Wakishuka hawa, njia imekwisha."